Mgeni Mbele ya Meza: Tahakiki ya Riwaya ya By the Sea ya Abdulrazak Gurnah

Utangulizi

Abdulrazak Gurnah alizaliwa Unguja mwaka 1948. Mwishoni mwa miaka ya 1960, akiwa kijana, aliondoka kwenda Uingereza, na huko akaja kuwa mwalimu wa fasihi katika Chuo Kikuu cha Kent. Mwaka 2021 alitunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fasihi, na waliomtunuku walitaja waziwazi jinsi alivyoyaeleza majaaliwa ya mkimbizi kwa huruma na bila kuyapunguza makali. Riwaya yake ya Paradise, iliyotoka mwaka 1994, tunayo sasa kwa Kiswahili kwa jina la Peponi. Lakini kwa jambo tunalotaka kulizungumza hapa, kitabu chake kinachofaa zaidi ni By the Sea, yaani kando ya bahari, kilichotoka mwaka 2001.

Kitabu hiki kimekwisha kusomwa na wengi kama kitabu cha kumbukumbu, cha biashara ya Bahari ya Hindi, na cha majeraha ya ukoloni na mapinduzi. Sisi tunakusudia kukihakiki kwa upande mmoja tu. Kinatuambia nini juu ya nchi inayomhesabu mgeni kuwa mshitakiwa mpaka athibitishe kwamba hana hatia? Na tena, jambo ambalo husahauliwa mara nyingi, kinatuambia nini juu ya mwenyeji anayetaka kumsaidia mgeni huyo chini ya sheria za namna hiyo?

Hoja yetu ni kwamba sheria za uhasama hazimdhuru mgeni peke yake. Humfundisha mgeni kunyamaza au kusema uongo, humfundisha mwenyeji kushuku, na humgeuza mwenye huruma kuwa karani wa ushahidi. Mambo mawili ya kwanza Gurnah ameyaona kwa jicho kali sana. La tatu ameligusa tu, na historia ya miaka iliyofuata kitabu chake imelikamilisha.

Hadithi kwa kifupi

Saleh Omar ni mzee wa miaka 65 kutoka Unguja. Anashuka katika uwanja wa ndege wa Gatwick akiwa na pasi yenye jina la mtu mwingine, Rajab Shaaban Mahmud. Ameshauriwa ajifanye hajui Kiingereza, na mbele ya ofisa wa uhamiaji hatamki ila maneno mawili ya lugha hiyo: mkimbizi, na hifadhi. Katika mkoba wake mna kijaluba cha mti wa mkangazi chenye udi, baki la biashara aliyoifanya miaka mingi iliyopita na mfanyabiashara mmoja wa Ghuba aitwaye Hussein.

Anazuiliwa, kisha anapelekwa katika nyumba ya kulala wageni, na mwisho katika mji mdogo wa pwani. Huko mwanamke mmoja wa shirika la kuwasaidia wakimbizi, Rachel Howard, anaishughulikia kesi yake. Kwa kudhani kwamba mzee hajui Kiingereza, anamtafutia mtu anayejua Kiswahili. Mtu anayempata ni Latif Mahmud, mwalimu wa chuo kikuu, ambaye ni mwana wa Rajab Shaaban Mahmud halisi. Basi mtoto analisikia jina la baba yake, ambaye amekwisha kufa, likitajwa kuwa jina la mwomba hifadhi aliye hai.

Kutoka hapo riwaya inarudi nyuma. Tunajifunza kwamba Saleh Omar alikuwa mwuza samani, kwamba kwa njia ya deni la Hussein aliipata nyumba ya Rajab Shaaban, na kwamba jamaa ya Latif walitolewa ndani yake. Mtoto Latif alitumwa dukani kuomba irudishwe meza moja ndogo, akarudi mikono mitupu. Baadaye, baada ya mapinduzi, kisasi kikamrudia Saleh Omar mwenyewe. Alifungwa miaka mingi, na alipotoka mke wake na binti yake walikuwa wamekwisha kufa. Wazee hawa wawili, kwa maana Latif naye si kijana tena, wanakaa katika chumba cha ugenini na kusimuliana yote hayo, kila mmoja akisahihisha kumbukumbu ya mwenzake.

Mgeni mbele ya ofisa

Sura ya Gatwick ndiyo inayokumbukwa na kila aliyekisoma kitabu hiki, na kwa haki. Ofisa, Kevin Edelman, si mkatili wa wazi. Anazungumza kwa upole, karibu kama mtu anayempa mzee nasaha. Anamwambia kwamba mambo ya kuomba hifadhi ni ya vijana. Anamweleza kwamba wazazi wake yeye mwenyewe walikuwa wakimbizi kutoka Rumania, kisha anajitenga naye papo hapo kwa hoja kwamba wao walikuwa watu wa Ulaya. Mwishoni anauchukua ule udi uwe wake.

Yafaa tuitazame kazi ya mwandishi hapa kwa uangalifu. Kwa kuwa mgeni amenyamaza, mwenyeji ndiye anayejifunua. Ofisa aliyewekwa hapo kuuliza maswali anajikuta akijieleza asili yake, hofu yake, na sababu zake za kuufunga mlango uliofunguliwa kwa wazazi wake. Mizani ya chumba imepinduka, ingawa aliyeketi nyuma ya meza hajui. Msomaji anajua, kwa sababu mzee anayasikia yote na kutusimulia kwa Kiingereza safi kuliko cha ofisa.

Na udi je? Kwa msomaji wa pwani jambo hili lina uchungu wa pekee. Udi ni kitu cha kumpokelea mgeni, cha arusi na cha sikukuu. Mwenyeji huwafukizia wageni. Wageni hawaji na udi wao ili wanyang'anywe mlangoni. Gurnah hakueleza jambo hili kwa maneno mengi, wala hakuhitaji. Mwenyeji amechukua kwa mgeni kile kile ambacho, kwa desturi, yeye ndiye angepaswa kumpa.

Lakini kuna swali ambalo msomaji mkali atauliza. Je, Saleh Omar hakudanganya? Amekuja kwa jina lisilo lake na kwa ububu wa kujitakia. Twajibu kwamba ni kweli amedanganya, na riwaya haimfichi. Hata hivyo hapana budi kuuliza ni nani aliyeufanya uongo huo kuwa njia ya pekee. Mwaka 1987 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuyatoza faini mashirika ya ndege na meli kwa kila abiria aliyefika bila hati zinazotakiwa. Tangu hapo aliye hatarini hawezi kupanda ndege mpaka amshawishi karani wa tiketi, asiye hakimu wala ofisa wa serikali. Wakati huo huo hakuna viza inayotolewa kwa mtu ili aende kuomba hifadhi. Basi mtu huambiwa kwamba ana haki ya kuomba akiwa ndani ya nchi, kisha hufungiwa kila njia ya uaminifu ya kuingia ndani ya nchi. Waliouandika Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 waliliona jambo hili. Kifungu chake cha 31 kinakataza, kwa masharti fulani, kumwadhibu mkimbizi kwa sababu tu ya kuingia bila ruhusa.

Hadithi ndefu na fomu fupi

Riwaya ina kurasa zaidi ya 200 na wasimulizi wawili, na bado baada ya kuimaliza hatuna hakika ni nani aliyemkosea mwenzake kwanza katika jambo la nyumba ile. Saleh Omar ana hati. Latif ana machozi ya mama yake na aibu ya baba yake. Hati ni halali, na machozi ni ya kweli. Ukweli wa nyumba hauonekani mpaka watu wawili waliojeruhiwa wakae pamoja, tena na tena, bila haraka, kila mmoja akiwa na ruhusa ya kusema, "Hapana, haikuwa hivyo."

Sasa tuuweke mwendo huo karibu na mahojiano ya mwomba hifadhi. Huyo hupewa saa chache. Hutakiwa aseme tarehe, majina na sababu, kwa mpangilio, mbele ya mtu asiyemjua, mara nyingi kwa ulimi wa mkalimani. Akisema leo jambo ambalo hakulisema mara ya kwanza, huhesabiwa kuwa ameliongeza. Akisahau tarehe, huhesabiwa kuwa ameitunga. Kila anayefanya kazi ya uchungaji anajua kwamba aliyepatwa na mateso makubwa hukumbuka kwa vipande, huficha lile linalomwaibisha zaidi, na huanza na lile lisilo na uzito ili aone kama anasikilizwa. Sifa hizo ambazo mchungaji huzitambua kuwa ni alama za maumivu, meza ya uhamiaji huzitambua kuwa ni alama za uongo.

Hapa Amri ya Nane, kama tunavyoihesabu sisi Walutheri, inatupatia kipimo kizuri cha kusomea kitabu hiki. Katika Katekisimo Ndogo Luther haishii katika katazo la kumshuhudia jirani uongo. Anafundisha kwamba tunapaswa kumtetea jirani, kumsema vema, na kuyaeleza mambo yake yote kwa upande ulio mwema. Ikiwa mafundisho hayo ni ya kweli, basi kumshuku jirani kwa kanuni, kabla hajafungua kinywa, ni aina ya ushuhuda wa uongo. Ofisa wa Gatwick hakusema neno moja la uongo juu ya Saleh Omar. Alikuwa tu amekwisha kumweleza kwa upande ulio mbaya.

Yule anayesaidia

Rachel Howard anatazamwa na Saleh Omar kwa macho ya mzee wa Kiswahili: kwa shukrani, kwa dhihaka kidogo, na kwa mshangao juu ya haraka zake. Ana shughuli nyingi, mafaili mengi, na moyo mwema. Kwanza anamwona mzee kuwa kesi, kisha polepole anaanza kumwona kuwa mtu. Mzee anapofichua kwamba anajua Kiingereza, juhudi za kumpata mtaalamu zimekwisha kufanyika. Yeye aliyekuja kumtetea naye alikuwa amenyimwa sauti ya mteja wake.

Jambo hili ni la kusikitisha kuliko linavyochekesha. Chini ya sheria ya uhasama msaidizi hawezi kuuliza kama rafiki aulizavyo, kwa sababu kila jibu litaandikwa. Hawezi kuiacha hadithi iende mbio au polepole kama inavyotaka, kwa sababu kuna siku ya mwisho ya kuwasilisha hati. Hujifunza kuikata hadithi ya mtu ili iingie katika fomu, na kuyaacha nje yale yasiyosaidia kesi, hata kama ndiyo mtu anayoyalilia. Na mgeni hujifunza kumwona msaidizi kama mlango mwingine wa ofisi ile ile. Hivyo urafiki unaharibika kabla haujaanza, ingawa hakuna aliyeukusudia ubaya.

Makanisa ya Kilutheri hayakosi mfano wa jambo hili. Huko Ujerumani, tangu mwaka 1983, pale usharika mmoja wa Berlin ulipowapokea watu waliokuwa hatarini kurudishwa Lebanoni, kumekuwa na desturi ya kuwapa hifadhi kanisani wale walioamriwa kuondoka. Mwaka 2015 makanisa na idara ya serikali inayohusika na wahamiaji walipatana kwamba usharika utaleta faili la maelezo kwa kila mtu aliyepokewa, ili kesi yake itazamwe upya. Mwaka 2018 masharti ya faili hilo yalikazwa, na wachungaji wengine wakafunguliwa mashitaka kwa kuwahifadhi watu. Hatusemi kwamba mapatano yale yalikuwa kosa. Wapo waliookolewa kwayo. Tunasema tu kwamba altare nayo imepata meza ya karani kando yake, na mchungaji aliyetaka kusema, "Ingia," analazimika kusema pia, "Niletee hati zako."

Sheria zilizofuata kitabu

Mtu angeweza kudhani kwamba By the Sea imepitwa na wakati. Twaona kinyume chake. Kitabu kilipoandikwa, meza ya kukagulia wageni ilikuwa hasa mpakani. Tangu hapo imeingizwa ndani ya nchi, nyumba kwa nyumba.

Dalili zilikuwapo mapema. Sheria ya mwaka 1996 ilimfanya mwajiri awe na hatia akimwajiri asiye na kibali. Sheria ya mwaka 1999 iliwatawanya waomba hifadhi katika miji wasiyoichagua, na kuwapa vocha mahali pa sehemu kubwa ya fedha. Mwenye duka alikatazwa kurudisha chenji ya vocha hiyo, hata watu wakalalamika sana, na mwaka 2002 mpango ukaondolewa. Mwaka huo huo wa 2002 ikaondolewa pia nafasi waliyokuwa nayo waomba hifadhi waliongoja muda mrefu ya kupewa ruhusa ya kufanya kazi. Iliporudishwa baadaye ilirudishwa kwa masharti mazito.

Wahenga wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa mara nyingine kama kwamba ni ya kumfukuza mgeni. Kwa kweli ni methali ya heshima: siku ya tatu mgeni huacha kuwa mzigo, huingia shambani pamoja na wenyeji, na jasho lake humpa haki ya kula. Sheria ya uhasama humnyima mgeni jembe, kisha humlaumu kwa kula bila kulima.

Mwaka 2012 Theresa May, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alitangaza nia ya kuyafanya mazingira ya Uingereza yawe ya uhasama kwa wale waliomo bila ruhusa. Katika kiangazi cha mwaka 2013 magari yenye matangazo ya kuwaambia watu hao warudi kwao au wakamatwe yalizungushwa katika baadhi ya mitaa ya London. Sheria za mwaka 2014 na 2016 zikawataka wenye nyumba wakague hati za wapangaji, tena kwa tishio la kifungo kwa anayempangisha mtu kwa kujua. Benki nazo zikatakiwa zikague wateja. Kuanzia mwaka 2016 shule za Uingereza zilitakiwa ziulize uraia wa watoto, na mwaka 2017 yakaanza mapatano ya kuwapa watu wa uhamiaji habari za wagonjwa. Yote mawili yaliachwa mwaka 2018 kwa sababu ya malalamiko. Mwaka 2024 faini ya mwajiri ilipandishwa hata kufikia pauni 45,000 kwa kila mfanyakazi, na pauni 60,000 kwa anayerudia kosa.

Tazama ni nani anayetajwa katika orodha hiyo: mwajiri, mwenye nyumba, karani wa benki, mwalimu, mwuguzi. Hao ndio majirani. Kwa kanuni hizi Edelman hayuko Gatwick peke yake. Kila mmoja amepewa kiti chake. Matunda yalionekana mahakamani. Mwaka 2019 Mahakama Kuu ya London iliona kwamba ukaguzi wa wapangaji unawafanya wenye nyumba wawabague watu kwa sababu ya asili yao. Mwaka 2020 Mahakama ya Rufani iliitengua hukumu ile kuhusu uhalali wa mpango, lakini haikukana kwamba ubaguzi umetokea. Mwenye nyumba aliyeogopa kifungo aliona ni salama zaidi kumkataa kila mwenye jina geni.

Tunda chungu kuliko yote lilijulikana mwaka 2018. Watu waliozaliwa katika visiwa vya Karibi, walioingia Uingereza kihalali wakiwa watoto kabla ya mwaka 1973, walijikuta wakinyimwa kazi, nyumba na matibabu, wengine wakizuiliwa na hata kuondolewa nchini, kwa sababu hawakuwa na karatasi za kuthibitisha miaka yao. Kadi za kuingilia za wengi wao zilikuwa zimeharibiwa na serikali yenyewe mwaka 2010. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2020 ulisema kwamba mambo hayo yangeweza kuonekana kabla na kuepukwa. Saleh Omar alikuja na jina lisilo lake. Hawa walikuwa na majina yao halisi, na bado hawakuaminiwa.

Rachel Howard naye angeishi maisha ya taabu zaidi leo. Mwaka 2020 mawakili wa wahamiaji walisemwa hadharani na wakuu wa serikali kana kwamba ni wapinzani wa taifa, na mwaka huo huo mtu mwenye kisu aliingia katika ofisi moja ya mawakili wa namna hiyo huko London. Mwaka 2021 wajitoleaji wa mashua za uokoaji katika mlango wa bahari wa Uingereza na Ufaransa walitukanwa kwa kuwatoa majini watu waliokuwa wakizama. Mwezi wa Agosti 2024, wakati wa ghasia zilizoenea katika miji mingi, ilisambazwa orodha ya ofisi za wanasheria wa uhamiaji zilizotakiwa kushambuliwa. Katika jioni ile iliyongojewa kwa hofu, maelfu ya watu wa kawaida walitoka wakasimama barabarani, na mahali pengi washambuliaji hawakuonekana. Jambo hilo ni la kushukuru. Hata hivyo lilifunua kwamba uhasama, ukishawekwa katika sheria, haukai kwa mgeni. Humfuata kila aliyemfungulia.

Upungufu wa kitabu

Baada ya kusifu, tuseme na mapungufu. La kwanza ni Rachel mwenyewe. Mwandishi amempa mzee wake utajiri wa moyo usio na mfano, na Latif hasira inayoeleweka, lakini Rachel amebaki amechorwa kwa mistari michache. Tungependa kumwona usiku, akirudi kwake baada ya kesi iliyoshindwa. Tungependa kujua anajiambia nini anapoikata hadithi ya mtu ili iingie katika fomu. Kwa kumwacha hivyo, kitabu kimeonyesha jeraha la mgeni na kuliacha la msaidizi katika kivuli.

La pili ni wanawake wa kule nyumbani. Mke wa Saleh Omar na mama yake Latif wanazungumzwa sana na kusikika kidogo. Katika riwaya inayotufundisha kwamba ukweli wa nyumba unahitaji zaidi ya msimulizi mmoja, kukosekana kwa sauti ya wale waliokaa ndani ya nyumba hizo ni upungufu wa kweli.

La tatu linasemwa na wengine, kwamba kukutana kwa Saleh Omar na Latif ni bahati mno hata haiaminiki. Sisi hatukubaliani nalo sana. Watu wa pwani moja wakitawanywa ugenini, ulimwengu wao huwa mdogo. Anayemtafuta mtu wa kusema Kiswahili chao hana wengi wa kuchagua.

Haki ya dola na swali letu wenyewe

Hatuwezi kumaliza bila kulikabili pingamizi la haki. Dola ina wajibu wa kuilinda nchi na kujua ni nani anayeingia. Ungamo la Augsburg, katika kifungu cha 16, linafundisha kwamba utawala wa kiraia ni agizo jema la Mungu. Serikali isiyo na mpaka wala utaratibu haiwezi kumlinda hata mkimbizi mwenyewe. Hayo twayakubali. Lakini utaratibu ni jambo moja, na kuufanya uchungu kuwa chombo cha utawala ni jambo jingine. Sheria inayoamua kesi kwa haki na kwa wakati, hata ikisema "hapana", imemheshimu mgeni. Sheria inayokusudia mgeni ateseke ili wenzake wasije, inamtumia mtu kama tangazo. Mpango wa Uingereza wa mwaka 2022 wa kuwapeleka Rwanda waomba hifadhi ulitetewa kwa hoja hiyo hiyo ya kuwatisha wengine wasivuke bahari. Mahakama ya juu kabisa ya nchi hiyo iliukataa mwezi wa Novemba 2023, na serikali mpya ikauacha mwezi wa Julai 2024.

Wala tusiusome kitabu hiki kana kwamba ni mashitaka dhidi ya Waingereza tu. Saleh Omar anakimbia kutoka kwetu. Mwaka ule ule kilipotoka kitabu, mwezi wa Januari 2001, baada ya watu kuuawa kwa risasi Unguja na Pemba, zaidi ya watu 2,000 walivuka bahari kwenda Shimoni, Kenya. Nchi iliyozoea kupokea wakimbizi ilikuwa imetoa wa kwake.

Na katika kupokea tuna historia ya pande mbili. Mwezi wa Aprili 1994 watu wapatao 250,000 walivuka kutoka Rwanda na kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na wenyeji maskini wakagawana nao maji na kuni. Shirika la Kikristo la kuwahudumia wakimbizi Tanganyika, lililoanzishwa mwaka 1964 chini ya Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lilikuwapo. Lakini mwezi wa Machi 1995 mpaka wa Burundi ulifungwa, mwezi wa Desemba 1996 Wanyarwanda wakarudishwa kwa wingi chini ya ulinzi wa askari, na Sheria ya Wakimbizi ya 1998 ikawaweka wakimbizi katika maeneo yaliyotengwa, wasitoke bila kibali. Maneno ya Walawi 19:33-34, yanayotaka mgeni ahesabiwe kama mzalia, yanatuhusu Kigoma na Kagera kama yanavyowahusu wengine Gatwick.

Hitimisho

By the Sea ni kitabu cha kusomwa na wote wanaoandaliwa kwa huduma ya uchungaji, hasa wale watakaotumwa karibu na mipaka. Wasikisome ili wapate fundisho la haraka. Wakisome ili wajizoeze kusikiliza hadithi inayojikanusha, inayorudi nyuma, inayoficha jina lake, bila kuikatia hukumu kabla ya mwisho.

Tunapendekeza pia kwamba sharika zinazowahudumia wageni zitenganishe, kadiri iwezekanavyo, kazi mbili ambazo sheria za uhasama huzichanganya. Awepo mtu wa hati, anayejua sheria na siku za mwisho, na apewe msaada, mapumziko na sala, kwa kuwa mzigo wake ni mkubwa. Na awepo mtu mwingine asiyeandika neno lolote, ambaye mgeni atajua kwamba anaweza kumwambia jambo leo na kulisahihisha kesho. Latif alipokwenda kwa Saleh Omar mara ya kwanza hakuwa na kalamu mkononi, na mzee alimkaribisha ndani.